Shingo ya Apolina

Jumanne, mwezi wa tano, tarehe kumi na mbili. Mvua ndogo ndogo tangu alfajiri, ikaacha saa nne, halafu jua likachomoka na matope ya uani yakaanza kutoa mvuke.

Mjukuu wangu Neema alikuwa amenunua sweta katika nguo za balo, zile kuukuu zinazotoka Ulaya. Sweta ya sufu, rangi ya maziwa. Leo asubuhi ililowekwa kwenye beseni pamoja na nguo nyingine, na ilipotolewa ilikuwa imejikunja, nene, ngumu, sweta ya mtoto wa miaka mitatu. Neema alilia. Mama yake, yaani binti yangu, akampiga kofi Riziki, mdogo wa Neema, kwa sababu Riziki ndiye aliyetumwa kufua. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na mlango. Harufu ikanifikia pale: sufu iliyolowa, harufu ya mnyama na mafuta ya zamani na kitu kama majani yaliyooza. Sijui nilikuwa na miaka tisa au kumi nilipoinusa mara ya mwisho. Nikaingia ndani nikatafuta daftari.

Ya sweta nitayamaliza mwishoni. Mimi si mtu wa kuandika, nilisoma miaka mitatu tu, na nusu ya mwaka wa tatu nilikuwa na kifaduro. Mahali ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki. Naandika kwa wale wa rika langu waliobaki, wanaokumbuka kengele ya misheni na filimbi ya kapita, yule msimamizi wa pamba, na ambao labda na wao kuna kitu walichokifanya.

Misheni ilikuwa upande wa Kasongo, jina lake siliandiki. Masista wa kizungu tuliwaita Masere, wote, bila majina. Huyu wa kwangu alikuwa mrefu mwembamba, na sisi kwa siri tulimwita Masere Mulingoti, kwa sababu ya mlingoti wa bendera uliokuwa mbele ya ofisi ya serikali. Alikuwa na chumba cha kazi za mikono, nyumba ya matofali yenye madirisha madogo, baridi ndani hata saa saba mchana. Wasichana kumi na wawili tulikaa humo kwenye mikeka. Wazazi wetu walipenda tuwe humo, maana msichana wa misheni kapita hakumhesabu. Wengine wote waliokuwa na mikono, wakubwa kwa wadogo, walihesabiwa kwenye shamba la pamba, na baba wa nyumba ambaye shamba lake lilikuwa na majani alilazwa chini akapigwa kiboko mbele ya watoto wake. Hili rika langu wanalijua, sihitaji kulirefusha.

Sufu ilifika kwa magunia kutoka milima ya Kivu, ambako wazungu walifuga kondoo wa baridi. Kondoo wetu ana manyoya mafupi kama mbwa, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumkata kondoo nywele. Kwa hiyo gunia la kwanza lilipofunguliwa, na ile kitu nyeupe yenye mawimbi ikamwagika sakafuni, sisi tulijua mara moja ni nini. Ni nywele za wazungu waliokufa. Tuliambiana hivyo kwa macho mazito kabisa. Veronika, mkubwa wetu, alishika fungu moja la kijivu akasema, "Huyu alikuwa askofu, angalia mvi." Mwingine akauliza kama chawa wake nao walibatizwa. Tulicheka mpaka Masere akageuka.

Alitufundisha kuchagua. Alitandaza manyoya ya kondoo mmoja juu ya mkeka, yote pamoja, kama vile kondoo amevua nguo akaondoka, kisha akaonyesha kwa kijiti. Mabega na shingo, laini, ya kusokota uzi. Mbavu, ya kati, ya kutiwa rangi na kufumwa soksi. Matako na miguu ya nyuma, ngumu, ya kukanyaga. Kukanyaga maana yake unaitandaza kwenye mkeka, unaimwagia maji ya moto na sabuni, unaviringisha, halafu wasichana wawili wanapanda juu na kukanyaga huku wakiimba, mpaka sufu inashikana yenyewe kwa yenyewe na kuwa kitambaa kizito kisicho na uzi hata mmoja. Kinachoifunga ni maji ya moto. Hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu, na naomba msomaji alikumbuke.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na vyungu vitatu vya rangi: manjano, maganda ya vitunguu, na ngula, ule unga mwekundu wa mti ambao bibi zetu walijipaka mwilini. Mikono ya Veronika ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa wa kusokota. Nilikuwa na kijiti changu chenye kigae cha duara chini yake, nakizungusha juu ya paja, na uzi wangu, naweza kusema bila kujisifu, haukukatika.

Lakini kuchagua tulishindwa. Si kila kondoo alikuwa na mpaka ulioandikwa, mabega yakaishia hapa, mbavu zikaanzia pale. Ilibidi kugusa, na vidole vyetu vilikuwa vimetwanga muhogo na kuchuma pamba tangu vilipoweza kushika. Masere alitukamata mikono akaibonyeza bonyeza. "Mikono yenu, miti tupu," akasema. Akatafuta mahali pengine penye ngozi laini, akapata shingo. Aliweka fungu la sufu chini ya kidevu cha kila mmoja wetu, akafunga kitambaa, akangoja, akafungua, akainama kutazama kama sufu kali imeleta wekundu. Juu ya ngozi zetu hakuona chochote. "Naona usiku tu," akasema, akacheka. Na sisi tukacheka, kwa kuwa yeye alicheka.

Ndipo alipofika Apolina.

Aliletwa na mama yake kutoka njia ya Kabambare, mwendo wa siku mbili, walitembea asubuhi na jioni tu, mchana wakikaa chini ya vichaka. Alikuwa zeruzeru. Ndivyo tulivyosema wakati ule, na sikumbuki neno lingine ambalo lingekuwa la heshima. Nywele rangi ya majani makavu, macho yanayotetemeka, mabega yenye vidonda vilivyokauka na vingine ambavyo bado. Nyumba yao ilikuwa na shamba la pamba kama nyumba zote, na kapita alimhesabu kama watoto wote. Mama yake alipiga magoti mlangoni akasema kwa Kibangubangu, na Veronika akageuza kwa Kiswahili: mutoto huyu jua linamukula, Masere, iko kama nyama juu ya moto.

Masere alimshika Apolina kidevu, akamgeuza uso huku na huku penye mwanga wa dirisha. Halafu akaagiza gunia lifunguliwe.

Tangu siku ile Apolina alikuwa na kigoda chake kwenye pembe ya chumba, mbali na dirisha. Kila asubuhi Masere alimfunga fungu la sufu shingoni, na sisi tukasali mafungu mawili ya rozari, Salamu Maria ishirini, huo ndio ulikuwa muda. Halafu akafungua. Ikiwa shingo imebaki kama ilivyo, fungu lile liliingia kikapu cha kusokota. Ikiwa imepata wekundu, kwenda kukanyagwa. Mafungu sita, saba kwa siku, ya kondoo mbalimbali. "Ngozi ya huyu apana danganya," alisema Masere, naye alikuwa na furaha kweli, kama fundi aliyepata patasi nzuri.

Baada ya fungu la mwisho alimpa Apolina kipande kimoja cha sukari, ile ya pembe nne ya kizungu.

Sasa niseme nilivyoona mimi. Nilikuwa nakaa karibu naye kuliko wote, maana yeye alikubali sufu na mimi nikaisokota. Niliona Masere akimshika kidevu mara sita, saba kwa siku, kwa vidole vya polepole. Hakuna mtu aliyenishika kidevu mimi. Mama yangu alikuwa na watoto saba na shamba la kapita, alinishika sikio. Na niliona Apolina akiwa na kitambaa shingoni, kichwa kimeinuliwa, macho amefumba, kama sanamu ya Bikira kanisani. Nikawaza: anapendwa, ndiyo maana anafumba macho. Mtu akipendwa hivyo anafumba macho. Masere amempenda kwa sababu ni mweupe kama yeye, labda ni mtoto wao waliyempoteza kwetu. Hayo niliyaamini kabisa. Sikuwa mtoto mjinga, mnielewe, nilijua kuhesabu mpaka mia.

Wasichana walimchokoza. "Weye muzungu, viatu vyako viko wapi?"

"Nimeviacha Ulaya," alijibu. "Vilikuwa vinanibana."

"Na kofia?"

"Kofia iko kwa baba yangu mufalme. Ananiambia, mwanangu, kaa kwanza na hao wenye miguu ya matope, uwafundishe kuoga."

Alikuwa na mdomo. Kila fungu la sufu alilipa tabia yake. Akifungwa nalo aliniambia kwa pembeni, "Huyu alikuwa kondoo wa amani, alikufa amelala." Au, "Ee dada Feza, huyu walimukata nywele kwa nguvu, bado ana hasira." Nami niliinama juu ya uzi wangu kuficha kicheko. Na lazima niandike hili pia, ingawa halinisaidii: kila siku kile kipande cha sukari alikiuma katikati, nusu akanipa mimi. Kila siku. Nilikula nusu yangu huku nikitazama mdomo wake ukila nusu yake, na nilichowaza ni kwamba yeye alikuwa na yote na alikuwa ananitupia.

Halafu mke wa mkubwa wa serikali akapata mimba. Alikuwa anarudi kwao kuzaa, kwenye baridi, na Masere akaahidi shali ya mtoto, sufu laini kuliko zote, isiyotiwa rangi. Gunia jipya likaletwa. Masere alitangaza kwamba hiyo itachaguliwa kwa siku nyingi, na shingo ya Apolina ndiyo itakayosema. Alisema "shingo ya Apolina" mbele ya Padri Mkubwa aliyekuja kutazama. Padri akamtazama Apolina, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini sikumbuki kama niliamua usiku ule. Nataka kuwa wa haki hata kwangu mwenyewe. Nafikiri wazo lilikuja njiani kesho yake, nilipouona upupu.

Kila mtoto wa kwetu anaujua upupu, ule mmea wa kutambaa wenye vifuko vya manyoya ya kahawia, vizuri kutazama kama mgongo wa panya. Ukivigusa unajikuna mpaka unatamani kuvua ngozi. Ulikuwa unapanda kwenye ukingo wa shamba letu la pamba. Nilivichuma kwa jani la mgomba nikavifunga ndani yake. Kifuko kimoja. Hapana, niandike sawasawa: vilikuwa viwili.

Nilikuwa na hesabu yangu, na ilionekana safi kabisa. Ngozi yake haidanganyi, ndiyo maana anapendwa. Ngozi ikidanganya siku moja tu, ikisema sufu laini ni mbaya, Masere atatafuta shingo nyingine. Kati ya wote mimi ndiye niliyekuwa na rangi ya maji ya kunde. Masere mwenyewe aliwahi kusema juu yangu, "Huyu, kidogo naona." Basi.

Fungu la kwanza la shali nilipewa mimi kulipeleka kutoka kwenye mkeka mpaka kwa Masere. Lilikuwa la bega. Laini hivyo sijagusa tena maishani. Nilipita nyuma ya mlango, nikafungua jani, nikapangusa kidogo juu yake. Masere akalichukua kwa ncha za vidole upande wa chini, akaliweka shingoni, akafunga kitambaa. Rozari ikaanza.

Salamu Maria ya pili, Apolina akafungua macho. Ya tatu, akainua mkono.

"Mikono chini," Masere akasema, bila kusimamisha sala.

Akaishusha. Ya tano, alianza kutikisa mguu mmoja, haraka haraka, kisigino kikigonga sakafu. Wasichana walisali kwa sauti zaidi ili wasicheke. Ya nane, machozi, lakini bila sauti. "Masere, inaniuma."

"Bado. Mara zote bado kidogo."

"Masere, inaniuma sana, si kama siku zingine."

Siku zingine. Nililisikia neno hilo. Lilipita masikioni mwangu kama msumari, kisha nikaendelea kusali. Nilihesabu kila Salamu Maria, moja moja, mpaka ishirini, sikuruka hata moja. Pale kwenye kumi na mbili ningeweza kusema. Kwenye kumi na tano pia. Nilikuwa nimeanza kujikuna vidole vyangu mwenyewe, nikavificha ndani ya nguo kati ya magoti.

Masere alipofungua, shingo ile ilikuwa imevimba, malengelenge yamepandana kutoka sikio mpaka sikio. Masere alitazama fungu la sufu, akaligeuza, akalirusha kwenye kikapu cha kukanyaga. Akachukua lingine kutoka kwa kondoo yuleyule, la bega lingine, ambalo mimi sikuligusa. Akalifunga juu ya ngozi ile iliyokwisha kuvimba. Mafungu mawili ya rozari. Mbaya. Akachukua la kondoo mwingine. Mbaya. Siku ile sufu yote nzuri ya gunia lile ilienda kwenye maji ya moto, tukaikanyaga, na mimi nilikanyaga.

Apolina alijikuna usiku na mchana, na vidole vyangu navyo, vikilowa kila siku kwenye maji ya sufu, havikuacha kuwasha. Siku ya nne shingo ilikuwa kidonda, siku ya nane kidonda kilikuwa na usaha. Masere aliiosha mwenyewe kwa dawa ya zambarau, hilo nililiona, na mikono yake haikuwa mikali. Kila asubuhi alimpeleka dirishani, akamwinua kidevu, akatazama. Baada ya wiki mbili akamwambia Padri, na Veronika akasikia, akatuletea: ngozi imeharibika, inapata wekundu kwa kila kitu, haifai tena kwa kazi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema kisu kimekuwa butu.

Mama yake aliitwa. Ulikuwa wakati wa kuvuna pamba, jua halina wingu, na kapita alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili yule mtoto wao yuko wapi. Mama alipiga magoti palepale mlangoni alipopiga magoti mara ya kwanza. Safari hii alisema kwa Kiswahili, maneno machache aliyokuwa nayo.

"Masere, afagie. Aoshe vyungu. Alale chini ya meza. Kivuli tu, Masere. Kivuli tu."

"Mama, hapa nyumba ya kazi," akasema Masere. "Apana nyumba ya kivuli. Wengi watakuja."

Alimpa kofia ya majani, mpya, yenye ukingo mpana, aliyoisuka mmoja wa wasichana. Niliandike hilo, alimpa kofia.

Ndipo nilipoelewa. Sikuelewa polepole kama wanavyosema watu, nilielewa kama mtu anayemwagiwa maji. Kile kigoda kwenye pembe, sukari, vidole vya Masere, yote hayo hayakuwa kitu. Alikuwa na kivuli, na alikilipia kwa shingo yake, mara sita, saba kwa siku, na kufumba macho kulikuwa ni kufumba macho kwa maumivu. Nami bado ningeweza kusema. Mama alikuwa bado amepiga magoti. Ningesema, Masere, ni mimi, ngozi yake haikudanganya, mngoje ipone. Ningechapwa, ningefukuzwa, baba yangu angepata aibu, mimi ningeenda kwenye pamba na ngozi yangu ya maji ya kunde isingenisumbua. Niliyapima yote hayo, nakumbuka vizuri, na nikaendelea kusokota. Uzi wangu haukukatika.

Apolina alifunga kitambaa chake na kuja kuniaga, maana nilikuwa rafiki yake. Aliinama karibu na sikio langu. Nilifikiri ataniambia yule kondoo alikuwa wa namna gani.

"Paka majivu," akasema.

"Nini?"

"Vidole vyako. Maji yanazidisha. Paka majivu, Feza."

Akavaa kofia, akatoka nyuma ya mama yake.

Miaka yote hii nimeligeuza neno lile. Alikuwa mtoto wa shamba, aliujua upupu kuliko Masere, alijua kuanzia Salamu Maria ya pili, na alikuwa ameviona vidole vyangu. Kwa wiki mbili alijua, na hakusema. Kama alinihurumia, sikustahili. Kama alinilaani, alifanya vizuri, lakini majivu kweli yalinisaidia. Na labda alifikiri tu kwamba hakuna atakayemwamini. Sijui. Ningependa liwe la kwanza, huruma, ndiyo maana naliogopa.

Wiki iliyofuata Masere alijaribu shingo yangu. Nilikaa kwenye kigoda. Sufu ya mbavu ilikuwa kama sisimizi, ile ya matako kama kusuguliwa kwa ganda la nazi, na kwa sababu kwangu wekundu ulionekana "kidogo" tu, hakuniachia baada ya mafungu mawili, alinifunga rozari nzima, wakati mwingine mpaka kengele ya saa sita. Nilifumba macho. Jioni alinipa kipande cha sukari. Kilikuwa kitamu. Sitaandika kwamba kilikuwa kichungu, maana hakikuwa. Nilikila chote.

Gunia lingine lilikuja, shali ikakwisha. Nasikia madamu aliipenda.

Apolina nilimwona mara moja tena, baada ya mavuno mawili, kwenye soko la pamba, siku ya kupima. Alikuwa na kikapu mgongoni. Kofia ilikuwa imebaki nusu. Mdomo wake wa chini ulikuwa na kidonda kikubwa kilicholiwa pembeni, na sikio moja pia. Mimi nilivaa kishali cha misheni, zawadi ya Krismasi, ingawa joto lilikuwa la kuua. Akasogea, akashika ukingo wake kati ya vidole viwili, akausugua.

"Ya matako hii, dada," akasema, na mdomo ule ulijaribu kucheka. "Wamekudanganya."

Kapita akapiga filimbi, mstari ukasogea, akaenda na mstari. Sikumwita. Mvua zilizofuata, mtu mmoja wa njia ya Kabambare alisema zeruzeru wa huko amekufa kwa kidonda cha uso. Mwingine akasema, apana, yule ni mwingine, Apolina na mama yake walikimbilia Salamabila kwa ndugu wa machimboni. Niliacha kuuliza nilipofika kwenye jibu hili la pili.

Sasa sweta.

Leo asubuhi Riziki alikuwa ameloweka nguo kwa maji baridi, kama alivyofundishwa. Alikwenda kisimani. Mimi nikapita na birika nililochemshia chai, nikaona maji ya beseni yana uchafu wa mafuta, nikamimina yote ili nimsaidie mtoto, nikakoroga na kijiti. Ni mimi. Mkono wangu, ambao uliijua sufu kabla ya kujua kalamu. Riziki alirudi na ndoo kichwani wakati birika bado liko mkononi mwangu. Alinitazama, akatazama beseni. Halafu mama yake akaja, na kofi likapigwa, na mimi nikakaa kwenye kiti changu nikanusa harufu.

Nimeandika mpaka jua limeshuka, na nilipofika hapa niliona aibu kuendelea kuandika wakati watu wako uani na wanaweza kusikia. Nikatoka. Walikuwa wanapakua. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, ni mimi niliyemwaga maji ya moto kwenye sweta.

Neema akacheka; wajukuu huniita koko, yaani bibi. "Koko anamutetea mutoto wake."

"Ni kweli. Birika langu."

"Mama, usimudekeze," binti yangu akasema, akaendelea kupakua. "Kesho atachoma nyumba, na weye utasema ni weye."

Riziki alikuwa anatazama sahani yake, ambayo haikuwekewa samaki. Nilimwekea kipande changu cha samaki. Alikishika kwa vidole viwili, akakirudisha kwangu polepole, akakigeuza upande wenye miba michache.

"Kula, koko. Kitapoa."

Jioni hii tumekula wali na sombe, majani ya muhogo, ya mawese, na samaki wa Nyangwe. Riziki amekula wali na sombe.